Kadi za "set": shajara ya mradi, Ngamiani, Tanga

Februari 3

Jana usiku nilisahihisha zoezi la tafsiri la vijana wa kidato cha kwanza, wale wanaokuja jioni kwenye chumba cha uani, Barabara ya 12. Sentensi ilikuwa fupi: "The sun set at six." Binti mmoja, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote, ameandika: "Jua liliwekwa saa sita."

Nilikaa na daftari lake muda mrefu. Hiyo saa sita hainitishi. Waingereza huanza kuhesabu saa zao usiku wa manane na sisi twaanza alfajiri, na mazoezi ya wiki mbili yatalimaliza. "Liliwekwa" ndilo lililoniuma, kwa sababu mtoto hakubahatisha. Akiwa shule ya msingi aliambiwa kuwa "set" ni "weka". Akakariri, akalitunza, na jana amelitoa vilevile alivyopewa. Amefanya yote tuliyomwomba. Ni sisi tuliompa jibu moja kwa neno lenye kazi mia.

Watoto hawa walisoma kila kitu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na Januari hii masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Neno hili linawangoja kwenye hesabu, kwenye kemia, uwanjani, hata ndani ya simu ya mama. Ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, ilitumia maneno kama 60,000 kwa kitenzi hiki kimoja, na ikakihesabia maana zipatazo 430 kikiwa peke yake, misemo yake mbali. Ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote humo. Miaka ya karibuni wahariri walipoanza kuipitia upya, "run" ikaipita kwa maana 645.

Sina haja ya 430. Nataka zile ambazo mtoto wa Tanga atakutana nazo kabla ya kufika kidato cha nne. Nitakata manila, kadi moja kwa kila kazi, nizitundike ukutani kwa vibanio vya nguo. Nataka ziwe tayari kabla ya likizo ya Aprili.

Februari 9

Siku mbili nzima maktaba ya mkoa. Nimefuata kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya mwaka 1996, nikaongeza ninazozijua kutoka vitabu vya sayansi. Zimefika kadi 61. Nimezitundika kwa mpangilio ule ule wa kamusi: weka, panga, tega, unga, rekebisha, tua, ganda, tunga, na kuendelea.

Nimewajaribu jioni. Kufika kadi ya kumi macho yao yalishatoka nje, kwa muuza mihogo. Siwalaumu. Mpangilio wa kamusi unamfaa mtu mwenye neno moja mkononi, atafute na kuondoka. Anayeanza kujifunza anaona ukuta wa vitu visivyohusiana, na ukuta huo unamwambia kwamba Kiingereza hakina mantiki, kikariri tu. Hilo ndilo sitaki walibebe kutoka chumbani kwangu.

Nimezishusha zote.

Februari 16

Leo nimepata uzi wa kuzitungia.

Nilikuwa natafuta asili ya neno. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, kulikuwa na vitenzi viwili ndugu: "sittan" na "settan". Cha kwanza ni kukaa, ndicho "sit" cha leo. Cha pili ni kukifanya kitu kikae. Kwa hiyo "set" ni kukalisha. Ni kauli ya kusababisha, ile ile tunayowafundisha watoto kwenye somo la mnyambuliko!

Nikaenda mbele kidogo, nikawakuta wengine wa ukoo huo. "Lie" na "lay" ni lala na laza. "Fall" na "fell" ni anguka na angusha, ndiyo maana mkata miti kwao "anafell" mti. "Rise" na "raise" ni inuka na inua. Pale sisi tunapoongeza -isha au -za mwishoni, wao walikuwa wakibadili irabu ya katikati. Siku hizi hawanyambui tena hivyo, jozi chache tu zimebaki, na Waingereza wengi wanazitumia bila kujua kuwa ni mnyambuliko.

Nimeandika kadi nyekundu, kubwa kuliko nyingine: SET = KALISHA, KITU KIKAE MAHALI PAKE. Kisha nimezipitisha zile 61 chini yake, moja moja. Saa: mishale ikae penye majira yake. Mfupa uliovunjika: ncha zikae zilipokuwa. Bei: ikae, isipande wala kushuka. Meza ya chakula: sahani na bilauri vikae penye watu wake, na hapa bibi zetu wana neno zuri mno, "kuandika" chakula, ambalo vijana wanaanza kulisahau kwa kuona kalamu tu. Mtihani umenisumbua, maana sisi twautunga kama shanga na mashairi, lakini nao mwishowe unakaa mbele ya mtu.

Jua limekataa. Jua nani kalikalisha?

Februari 23

Leo nimekwenda Deep Sea, pwani ya wavuvi hapa Tanga, wakati wavuvi wanaandaa vyombo. Nina nahodha mmoja pale, mtu mzima sana, aliyesafiri na majahazi ya Pemba tangu kijana. Nilimkuta kwenye mashua na wajukuu wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo huna wanafunzi?"

Nikamwambia nimekuja kujifunza mimi. Nikamuuliza: chombo kikianza safari, tanga mwalifanyaje?

"Twalitweka." Wala hakuongeza neno, akawaamuru wajukuu. Tanga lilikuwa limeviringishwa juu ya foromali, ule mti unaolibeba, na kufungwa kwa vijikamba vya ukindu, dhaifu, vya kukatika. Vijana wakaivuta henza, kamba ya kupandishia, kwa pamoja, mkono juu ya mkono, foromali ikapanda mlingoti ikilia. Ilipofika juu mzee akaivuta demani, kamba ya pembe ya tanga, mara moja kwa nguvu. Vile vijikamba vikakatika kimoja baada ya kingine, tap tap tap, kuanzia chini kwenda juu, na tanga likafunguka likajaa upepo wa kaskazi. Mashua yote ikashtuka kama mtu aliyeguswa bega.

"Na mkirudi?"

"Twalitua."

Tweka na tua. Mzigo twautweka, mzigo twautua. Maneno hayo kwetu ni kama mlango kufungua na kufunga, huwezi kuyachanganya. Ndipo nikamwambia: Mwingereza kulitweka tanga huita "set". Na jua likitua jioni, huita "set" vilevile.

Aliacha kamba.

"Tanga lapanda, jua lashuka, neno moja?"

"Neno moja, mzee."

Akafikiri, macho yako juu kwenye foromali. "Basi neno hilo halina juu wala chini. Lina mahali tu. Tanga mahali pake ni juu. Jua mahali pake," akanyoosha kidole magharibi, juu ya mabati ya Chumbageni, kuelekea Usambara, "ni kule. Likifika limekaa."

Nimetafuta jibu hilo wiki nzima kwenye vitabu, nimelipewa na mtu ambaye hajawahi kuandika sentensi ya Kiingereza.

Nikiwa pale nimeona jambo jingine la kuwaambia watoto. Vitabuni wanasoma kwamba jua "linazama", na picha inaonyesha bahari. Tanga jua halizami baharini. Latoka baharini na kutua bara, nyuma ya milima. Mtoto anayeangalia dirishani haoni kinachosemwa kitabuni. Kadi ya jua nimeandika "tua", na pembeni "kuchwa" kwa ajili ya kusema limekuchwa.

Kabla sijaondoka walinionyesha madema, ile mitego ya kusuka ya kuvulia changu na tasi, yako tayari kwenda kutegwa miambani. Na jarife la kuvulia papa nalo hutegwa. Yote hayo mawili kwa Kiingereza ni "set". Kadi ya "tega" sasa ina mchoro wa dema, nimeuchora mwenyewe, na mdomo wake umekaa ndani kama unavyotakiwa: samaki aingie asitoke.

Machi 1

Kosa langu limegunduliwa na fundi ujenzi, anayemwaga jamvi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuja kuomba maji, akasimama akisoma ukuta. Kwenye kadi ya saruji nilikuwa nimeandika "kauka".

"Mwalimu, ingekuwa inakauka, hayo maji nakuomba ya nini?"

Ni kweli kabisa. Saruji haikauki, inashika. Maji yanaungana na unga wa saruji kikemia, vinazaliwa vifuwele vipya vinavyosukana na kuushika mchanga na kokoto. Ndiyo maana saruji hushika hata chini ya maji, kama nguzo za gati. Na jua kali likiyanyonya maji mapema, kazi inasimama nusu njia na zege linabaki na nyufa. Kwa hiyo hulifunika kwa magunia na kulimwagilia siku saba. Fundi akasema pia kwamba kushika si kukomaa: kushika ni saa chache, nguvu kamili hupimwa siku ya 28. Waingereza nao wanatofautisha, "set" kwanza, "harden" baadaye. Mtoto aliyejifunza "kauka" angekosa swali la kemia akiwa na uhakika kwamba amepata.

Nimeichana kadi ile. Mpya inasema "shika", na chini yake nimeandika kashata, maana kila mmoja wao ameshaona mama akimimina sukari na nazi kwenye sinia na kungoja ishike ndipo akate. Jeli nimeipa "ganda", pamoja na mafuta ya nazi asubuhi ya baridi.

Machi 5

Saluni ya jirani. "Kuseti" nywele: rolasi, draya, dada anatoka na mawimbi. Neno limeingia Kiswahili, limevaa kiambishi, linasema "ameseti", "zimesetiwa". Tunaseti pia saa na redio. Lakini hakuna anayeseti mfupa wala dema. Tulilikaribisha kwa kazi chache tulizozihitaji, nyingine tulikuwa nazo wenyewe tangu zamani. Kadi moja tu, ya rangi ya waridi.

Machi 12

Nimekaa vibaya na nomino tangu mwanzo, nikilazimisha zote ziingie chini ya "kalisha". Seti ya vikombe. Seti kwenye hesabu. Seti kwenye voliboli, ambayo huchezwa hadi pointi 25, na ya tano ikifika, 15. Niliwaambia watoto kwamba vikombe "vimekaa pamoja", wakanikubalia kwa heshima, nami nikaona hawajaridhika.

Sasa nimejua kwa nini. Hii ya kundi ilitokea mlango mwingine: ilitoka Kifaransa cha kale, "sette", na nyuma yake Kilatini "secta", watu wanaomfuata mtu au njia moja. Ni neno lile lile lililozaa "sect", madhehebu. Mito miwili ikakutana Uingereza, maji yakachanganyika, na leo inaonekana mto mmoja.

Kwetu tuna mifano inayopendeza zaidi. Kaa huyu wa mikokoni, mwenye magando. Kaa la moto kwenye jiko. Na kukaa kitako. Hakuna aliyewahi kuuliza kaa la jiko linatembeaje kiubavu. Paa la nyumba, paa mnyama, kupaa angani, kupaa samaki magamba: maneno manne sauti moja, na mtoto wa miaka mitano hakosei, kwa sababu analisikia neno likiwa na wenzake. Nimewauliza jioni: "Mama akisema 'mpae huyo changu', mtampeleka angani?" Wakacheka hadi jirani akachungulia. Kisha nikawaambia kwamba hivyo hivyo ndivyo "set" inavyosomwa, kwa kumwangalia jirani yake.

Kadi za kundi nimezihamishia ukuta wa pili. Kati ya kuta mbili kuna mlango, na nimeuacha hivyo makusudi.

Machi 21

"The rains have set in." Masika yameingia kweli, na yameingia chumbani. Bati linavuja kona ya kaskazini. Fundi niliyemlipa Desemba alipaka lami juu ya kutu. Kadi 19 zimelowa, wino umetiririka hadi sakafuni. Nimeziandika upya usiku nyuma ya kalenda za zamani, karatasi ngumu inayong'aa, na kila moja nimeivisha nailoni. Zimekuwa nzuri kuliko za kwanza. Mbili nimezipunguza, hazikuwa na mtu.

Wiki hii tunashughulika na vile vineno vidogo vinavyofuata nyuma: off, up, in, aside. Ndivyo vinavyowavunja moyo kuliko vyote. Basi "set off" asubuhi, limeondoka. Mwizi "set off" king'ora, amekiliza. Vijana "set off" fataki usiku wa sikukuu, wamezirusha.

Nimewaeleza hivi: Kiswahili hukifunga kitenzi mkia. Tega, tegea, tegesha, tegua. Herufi moja tu na mtego ulioutega umeutegua. Mwingereza hafungi mkia, huweka kineno kando na kuacha nafasi katikati, lakini kazi ni moja. Kwa hiyo "set off" isomwe kama kitenzi kimoja kilichokwisha kunyambuliwa, isikatwe vipande. Wavulana wawili wa nyuma, wasiofungua midomo kwa kawaida, walianza kubishana kama "set aside" ni "tenga" au "weka kando". Nimewaacha wabishane, zote mbili sawa.

"Upset" nimeipa kadi ya pekee. Zamani ilikuwa kusimamisha kitu, kukiinua. Leo ni kupindua, na kumuudhi mtu. Chombo kile kile, kimegeuka na wimbi.

Aprili 4

Jaribio. Nimezishusha kadi zote, nikaandika ubaoni sentensi 20, zote mpya isipokuwa moja. Sheria moja tu: kabla ya kutafsiri, kila mtu aulize kwa sauti, "Set ya nini?" Set ya mfupa? Set ya bei? Set ya saruji? Akishajibu hilo, neno la Kiswahili linakuja lenyewe, maana kazi hizo zote wanazijua. Wamekua nazo.

Chumba kilikuwa na kelele kama soko la Makorora na sikuizima.

Sentensi ya saba nilirudisha ile ya kwanza kabisa. Yule binti alinyanyua mkono. "Mwalimu, set ya jua. Jua lilitua saa kumi na mbili." Nikamuuliza amejuaje kuwa ni jana na si kila siku, maana kitenzi hiki hakibadiliki, cha leo na cha jana huandikwa sawasawa, na wapo wanaoandika "setted". Akajibu bila kusita: "Ingekuwa ya kila siku ingekuwa na s mwishoni."

Hilo sikumfundisha.

Mwisho wa kipindi nikawaomba kazi ya nyumbani: walete neno la Kiswahili lenye kazi nyingi kama "set". Wengi wataleta "piga", najua, na litatutosha mwezi mzima, kutoka simu, pasi na deki hadi kura, magoti na hodi. Lakini mmoja alianza palepale na "tega": tega dema, tega sikio, tega mgongo, tega kitendawili, tega kazi. Akasita kwenye la mwisho, akaniangalia, kwa sababu wiki iliyopita alitega zamu ya kufagia.

Aprili 9

Kadi 63 zimekamilika. Mwalimu mwenzangu ameomba kuzinakili kwa ajili ya wanafunzi wake, nimempa na zile za kalenda.

Moja ilibaki bila neno: "set" ya jiwe kwenye pete. Nilikuwa nimeandika "weka" kwa penseli, na sikuipenda. Leo nimepita kwa sonara mmoja mjini, nikamkuta ameinama juu ya pete ya fedha yenye jiwe dogo la kijani. Nikamuuliza kazi hiyo inaitwaje.

"Kupachika."

Akanionyesha. Pete ilikuwa na meno manne, membamba kama ya kitana, yamesimama wazi. Alilishusha jiwe katikati kwa koleo, akalizungusha kidogo, akalitoa, akakwangua kitu nisichokiona, akalirudisha. Kisha akalilaza jino la kwanza juu ya ukingo wake kwa ncha ya chuma, halafu la kuelekeana nalo, halafu mawili yaliyobaki, taratibu, akigeuza pete kila mara. Alipomaliza hakuiangalia. Aliipeleka sikioni akaitikisa.

"Likigonga, bado halijakaa," akasema, akanipa nisikilize na mimi.

Nikaitikisa. Kimya.